Majina Manane ya Kubaki

Alichokisema Zahoro wakati wa mapumziko hakikuzidi sentensi moja.

"Yule Saburi asimalize mpira huu."

Shemeji yake, Mbaraka, alikuwa amekaa kwenye majani ananyonya chungwa. Akatema kokwa. "Asimalize vipi?"

"Wewe ndiye beki."

Mbaraka akamtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akainuka kufunga kamba za viatu.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili, nusu fainali ya kombe la wilaya, katika uwanja wa Kisarawe. Zahoro alikuwa kapteni wa timu ya shamba moja la mkonge huko Misugusugu. Walikuwa wakicheza na Masaki, na Masaki walikuwa mbele kwa mabao mawili kwa moja. Mabao yote mawili alikuwa ameyafunga huyo Saburi, mkulima wa mihogo, mwembamba, aliyecheza peku na kukimbia kama anayefukuzwa na nyuki.

Shamba la mkonge lilikuwa na sababu ya kuogopa kushindwa. Bwana Stavro, meneja Mgiriki, aliipenda ile timu kuliko mkonge wenyewe. Mchezaji wake hakukata mkonge. Alianika nyuzi, au alilinda ghala, na Ijumaa alipewa nyama. Asiyekuwa mchezaji aliamka na giza kwenda kukata, miiba ikimchoma mikono mpaka inavimba, na jioni nyapara akikataa mafungu yake, siku ile haikuandikwa kwenye kipande, ile kadi yake ya kazi. Zahoro alikuwa amekata kwa miaka sita kabla ya kuingia katika timu. Alikuwa bado na makovu viganjani.

Kipindi cha pili hakikuwa kimefika mbali Saburi alipoupata mpira upande wa kushoto, akampita mtu mmoja, akampita wa pili. Mbaraka akamjia kwa mbio. Hakuutazama mpira. Aliinua kiatu na kukishusha juu ya ugoko wa Saburi, na ule mlio, kama ukuni mkavu unaovunjwa kwenye goti, ukasikika mpaka kwa watu waliosimama nyuma ya goli la mbali.

Saburi alijaribu kuinuka, akauona mfupa wake umetoka nje ya ngozi, mweupe, akalala tena taratibu kama mtu anayejilaza kitandani. Kisha mwanamke mmoja akapiga ukelele, na watu wakaingia uwanjani.

Waliingia na bakora, na miavuli, na mawe. Refa alikuwa wa kwanza kukimbia. Mbaraka aliangushwa palepale alipokuwa, wakampiga kichwani na mdomoni, wakamkanyaga. Meno yake manne ya mbele yakabaki kwenye mchanga wa Kisarawe. Golikipa wao, Mashaka, alitoka golini kwenda kumsaidia, jiwe likampata jichoni. Wengine walipigana wakirudi nyuma, wakiburuza majeruhi wao kuelekea kwenye lori la shamba.

Walipolifikia lori wakamkuta kapteni wao ameshakaa ndani.

*

Siku ya nne Bwana Stavro alimwita Zahoro ofisini, karibu na korona, ile mashine ya kusaga mkonge. Kelele za mashine zilimlazimu kupaza sauti.

"Mara tatu!" akasema, akionyesha vidole. "Mara tatu nusu fainali, mara tatu mimi narudi na aibu. Basi. Sasa mimi naleta wachezaji kutoka Tanga. Hapa nataka watu wanane tu wa zamani. Wanane. Wengine wote, kesho kutwa, kukata mkonge."

"Ndiyo, Bwana."

"Wewe kapteni, wewe unajua nani anafaa. Lete majina." Kisha akachukua barua juu ya meza, akaipunga. "Na hii. Bwana DC ameandika. Ule mguu wa yule mtu wa Masaki, wameukata. Anauliza kama ni hasira za mtu mmoja, au mtu alipewa amri. Nani aliamuru?"

Zahoro alikuwa na nafasi ya kusema. Baadaye, katika maisha yake yote, aliikumbuka ile nafasi. Ilikuwa pana kama mlango wa ghala. Bwana Stavro mwenyewe hakuwa mkali siku ile. Alikuwa amechoka tu, anafuta jasho shingoni.

"Hakuna aliyeamuru, Bwana," Zahoro akasema. "Ni hasira zake mwenyewe."

"Basi huyo hakai. Simtaki hata kukata. Aondoke."

Jioni, baada ya alasiri, Zahoro alikwenda kwa Mwishehe, nyapara mkuu, mtu wa makamo aliyeitunza mipira na jezi. Alimkuta kibarazani ananoa kisu cha kukatia mkonge.

"Shikamoo, kaka Mwishehe."

"Marahaba. Nimesikia. Kaa tuchague." Mwishehe hakuacha kunoa. "Wa kwanza ni wewe, wa pili Mbaraka. Hao hawana mjadala."

"Mbaraka hayumo."

Kisu kikasimama juu ya jiwe. "Mume wa dada yako?"

"Bwana kasema."

"Bwana alitaka aliyetoa amri." Mwishehe akamkazia macho. "Zahoro, siku ile nani alikuwa amebeba kapu la machungwa? Si mimi? Nilikuwa nimesimama nyuma yako."

Zahoro akaikunjua karatasi aliyokuja nayo.

"Mimi nina nyumba ya shamba na watoto sita ndani yake," Mwishehe akasema. "Sitasema kitu. Ila usinifanye mjinga. Mpwa wangu Abdala mwandike."

"Abdala hawezi hata kutuliza mpira."

"Mwandike."

Zahoro akamwandika. Wakaendelea na wengine, na kila jina lilikuwa mtu aliyemjua mpaka mkewe. Mmoja alikuwa na mbio lakini kifua kilimbana, wakamwacha. Mwingine alikuwa ndiye pekee aliyeweza kupiga kwa mguu wa kushoto, wakamweka. Walipofika kwa Mashaka, golikipa, Mwishehe akashusha pumzi.

"Jicho halitapona," akasema.

"Halitapona."

"Golikipa wa jicho moja..."

Zahoro akapitisha kalamu juu ya jina lile.

*

Kesho yake aliwakalisha uwanjani, wote kumi na watano, akasoma. Jina la kwanza lilikuwa lake. Alisoma haraka, na alipomaliza aliikunja karatasi mara nne.

Mashaka alisimama wa kwanza, kitambaa kimemzunguka kichwa. "Mimi jicho langu limetoka kwa ajili ya nani, Zahoro? Niambie, nimwendee."

"Ni uamuzi wa Bwana."

"Bwana anajua kusoma mchezo?"

Mbaraka alikuwa amekaa nyuma kabisa. Midomo yake ilikuwa imevimba, na kwa sababu ya meno yaliyotoka, maneno yake yalikuwa na upepo. "Shemeji," akasema, "soma tena. Labda umeruka."

"Sikuruka."

Mbaraka akaja mbele. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari za msiba akidhani ni utani. "Basi waambie hawa ulichoniambia wakati wa mapumziko."

Watu kumi na wanne wakamgeukia kapteni.

"Sikukuambia kitu," Zahoro akasema.

Mbaraka alimrukia. Walianguka pamoja, na magoti ya Mbaraka yakamkaa kifuani, na ngumi zikaanza kushuka. Zahoro alisikia sikio lake likipasuka ndani kama puto. Waliobaki kwenye timu wakaja kumwokoa, waliotemwa wakawazuia, na dakika ileile uwanja mzima ulikuwa watu wanaopigana, watu ambao juma lililopita walikuwa wanakunywa maji ya mtungi mmoja. Mtu alitoa kisu cha mkonge, Abdala mpwa wa nyapara akachanwa mkono, akakimbia huku akipiga kelele kama mbuzi. Mashaka alikuwa anarusha ngumi upande alioweza kuona.

Zahoro akajivuta kutoka chini ya Mbaraka. Mkono wake ulipata mti wa bendera ya kona, akaung'oa. Mbaraka alikuwa anainuka. Zahoro alimpiga nao mdomoni, palepale palipokuwa na kidonda, kwa nguvu zake zote. Mbaraka akaketi, damu ikimjaa mikononi, akimtazama. Zahoro akampiga tena.

Askari wa shamba wakafika na virungu vyao. Kabla ya magharibi Mbaraka alikuwa ametolewa kambini, godoro na sufuria vimetupwa barabarani.

Mkewe Mboni, dada yake Zahoro, alikuja mlangoni kwa kaka yake amejitwika godoro lile. Hakulitua.

"Kaka, nakuuliza mara moja tu. Ulimtuma, hukumtuma?"

Zahoro alikuwa amejibana sikio kwa kitambaa cha maji. "Sikumtuma."

"Ukiongopa jicho la kulia linakuchezacheza," Mboni akasema. "Tangu udogo wako. Haya, kaa na jicho lako. Sisi tunakwenda Kurui, kwa mama mkwe."

Njia ya Kurui ilipita Masaki. Zahoro aliyajua hayo vizuri kabisa. Alikuwa na muda wa kusema, zungukeni kwingine. Alibaki amesimama na kitambaa sikioni mpaka dada yake akapotea kwenye kona ya barabara.

*

Mboni alirudi asubuhi ya siku ya tatu, peke yake, kanga imechanika, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

"Wamemkamata," akasema. "Ndugu zake Saburi. Walimjua kwa mapengo. Wamemfunga kwenye mkorosho nje ya nyumba yao. Wanamngoja baba yao, Mzee Pazi, arudi leo kutoka hospitali alikolazwa mwanawe. Wanasema akifika, mguu kwa mguu."

"Nenda polisi."

"Polisi wako Kisarawe. Nitafika lini, na watakuja lini?" Akakaa chini kwenye kizingiti. "Wala sikuja kukuomba. Nimekuja ujue."

Zahoro hakuwa mtu shujaa. Kwa kuwa wakati wa mazoezi ulikuwa umefika na hakujua afanye nini kingine, alikwenda uwanjani. Wale saba walikuwa wanapasha miili moto. Abdala, mkono umefungwa bendeji, alikuwa amejikunja midomo ndani kama mtu asiye na meno, anaongea kwa upepo, "Themeji, thoma tena, labda umeruka," na wenzake wanacheka.

Zahoro alimpiga kofi lililomwangusha. Akaichukua baiskeli ya nyapara iliyoegemezwa kwenye goli, akarudi mbio nyumbani.

"Panda," akamwambia dada yake.

Walipita Soga, wakavuka reli, wakashika njia za mchanga ambako walilazimika kushuka na kusukuma. Walifika Masaki jua likiwa limeanza kuinama.

Nje ya nyumba kubwa ya makuti walikuwepo wanaume kama kumi. Mbaraka alikuwa amefungwa kwa kamba za katani kwenye shina la mkorosho, uso hautambuliki, jicho moja limefumba kabisa, sisimizi wanapanda na kushuka kwenye damu iliyokauka shingoni. Mbele yake alisimama kijana mpana wa mabega, ameshika mchi wa kinu. Pembeni, juu ya kigoda, ameketi mzee aliyevaa kanzu yenye vumbi la safari.

Mboni alimkimbilia mumewe. Wakamsukuma nyuma.

"Shikamoo, mzee," Zahoro akasema.

Mzee Pazi hakuitikia. "Wewe nani?"

"Mimi Zahoro, kapteni wa ile timu. Mimi ndiye niliyemtuma huyu amvunje mwanao."

Yule kijana wa mchi akacheka kwa dharau. "Amekuja kumtoa shemeji yake kwa uongo. Baba, habari zimetufika. Huyu huyu aliulizwa na mzungu wake, akasema hakuna aliyeamuru. Akaulizwa mbele ya timu nzima, akasema vivyo hivyo. Leo ndiyo ameamuru?"

"Niliongopa siku zile. Leo nasema kweli."

"Mtu anajuaje ipi ni ipi?" Mzee Pazi akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

Hakuna aliyemwamini Zahoro, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu kwa hilo ila yeye.

Mzee akamgeukia aliyefungwa. "Wewe. Huyu alikutuma?"

Mbaraka angeweza kujiokoa kwa neno moja. Alitema damu.

"Alinituma," akasema. "Lakini mguu uliovunja ni wangu. Angeniambia nijiue nisingejiua."

Mzee Pazi alishika ndevu zake. Siku tatu alikuwa hajalala, na ilionekana. "Mfungueni," akasema hatimaye. "Huyo amekwisha kupigwa kwa kosa lile Kisarawe, akapigwa na wenzake, akapigwa hapa. Mwacheni aende."

"Na huyu?" kijana akauliza.

Mzee aliinamisha kichwa, na wanawe wakakuchukulia kule kuinama kuwa ni ruhusa.

Walimlaza Zahoro chali. Wawili walimshika mikono, mmoja akamkalia tumbo, mwingine akaweka gogo chini ya mguu wake wa kulia. Zahoro alikuwa ameazimia kutolia. Mchi uliposhuka mara ya kwanza alisikia mlio kabla ya maumivu, na aliujua ule mlio. Kisha akalia, akamwita mama yake aliyekufa, akaomba, akaahidi vitu asivyokuwa navyo.

"Basi!" Mzee Pazi akasema. "Inatosha."

Mchi ukashuka mara ya pili.

Mzee aliinuka kigodani, akamzaba mwanawe kofi, la kwanza na la pili, kisha akajifunika uso kwa mikono yake na kuingia ndani. Waliobaki wakatawanyika mmoja mmoja bila kutazamana. Yule kijana aliuacha mchi ukaanguka, akakaa chini karibu nao.

Mbaraka ndiye aliyemfunga Zahoro mguu. Alikata matawi mawili ya mkorosho, akayabana kwa ile kamba iliyokuwa imemfunga mwenyewe, na Mboni akachana kanga yake. Walimpandisha juu ya baiskeli kama gunia la mkaa, mmoja akimshika mgongo, mwingine akisukuma, wakaelekea hospitali. Kila tairi lilipoingia kwenye shimo, Zahoro alipiga kelele. Mbaraka hakupunguza mwendo, wala hakuongeza.

*

Mguu haukukatwa, ila uliungana vibaya, ukawa mfupi kuliko mwenzake. Akiwa bado kitandani, karani wa DC alikuja kuandika maelezo, na Zahoro akayasema yote tangu mwanzo, na safari hii yakaandikwa. Alifungwa miezi sita. Yule kijana wa mchi alifungwa mwaka. Saburi aliachiwa mkongojo, akafungua kijiduka cha chumvi na mafuta ya taa palepale Masaki, na watu waliopita njia hiyo wanasema hakupenda kabisa kuulizwa habari za mpira.

Bwana Stavro alileta wachezaji wake kutoka Tanga. Mwishehe ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua waliobaki, akawachagua ndugu zake, na timu ikatolewa raundi ya kwanza. Mashaka alirudi kukata mkonge, akakata kwa jicho moja mpaka alipozeeka.

Zahoro alipotoka jela hakuwa na pa kwenda. Alichechemea mpaka Kurui. Mboni alimkuta amekaa ukingoni mwa shamba, hajabisha hodi, hajaomba kitu. Alimtazama sana, kisha akamletea muhogo wa kuchemsha kwenye sahani na maji ya kunawa. Mbaraka aliporudi kutoka kulima alimwona, akapita, akachukua chakula chake na kwenda kukila nyuma ya nyumba.

Ikawa hivyo mwaka mzima. Zahoro alijijengea kibanda upande wa pili wa shamba, akalima kwa kukaa, akijiburuza kutoka tuta moja hadi jingine. Mbaraka hakumsemesha. Wakikutana kisimani, mmoja alimsubiri mwenzake amalize kuchota. Mboni alizaa mtoto wa kike, na Zahoro alimwona kwa mara ya kwanza siku ya arobaini, kwa mbali, kama jirani yeyote.

Mwaka wa pili mihogo ilikubali. Siku moja ya kuvuna, Mbaraka alikuwa amejaza tenga kubwa kupita kiasi, akajaribu kuliinua peke yake mara mbili likamshinda. Mboni alikuwa ndani ananyonyesha. Mbaraka alisimama, akajifuta jasho, akatazama huku na huku shambani, kisha akatazama ng'ambo.

"Njoo ushike upande ule," akasema.

Zahoro akaacha jembe, akaenda. Waliinua pamoja.